Macho Yangu Hayana Neno

Jumatatu, 6 Mei 2002. Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi.

Nimetukanwa. Tena hadharani, mbele ya mashini sita na mafundi wenzangu watano.

Mama Véronique, mwenyekiti wa kamati ya karakana yetu ya kushona, ametangaza kwamba fundi yeyote aliyepita miaka arobaini atapimwa macho Alhamisi, pale dispansari ya kambi. Shirika lililotoa mashini njo linataka hivyo. Asiyepimwa, mashini yake anapewa mwingine. Aliposema "arobaini" alinitazama mimi. Mimi! Nina miaka hamsini na mitatu na sijaugua jicho hata siku moja.

Nikauliza kama shirika linajua kwamba mimi, Étienne Mulenda, nilishona suti za wachungaji watatu kule Uvira, Kongo, kabla vita havijatutoa. Mama Véronique akasema shirika halijui Uvira. Nsabimana akacheka. Huyu Nsabimana ni fundi kutoka Burundi. Mashini yake iko kushoto kwa yangu, mwaka wa nne sasa, na miaka yote minne anangoja nianguke. Anashona kwa mkono wa kushoto. Mishono yake yote imelala upande, kama mvua ya upepo. Eti na yeye ni fundi.

Ukweli nauandika hapa ili ubaki. Macho yangu hayana neno. Kilichoharibika ni dunia. Siku hizi wanatengeneza sindano za tundu dogo, ubahili tu. Biblia wanazichapa kwa herufi za kusomwa na chawa. Na kambi hii haina adabu ya kuweka vitu. Leo nimepiga teke beseni la maji mlangoni, upande wa kushoto, maji yote chini. Nikamwuliza mke wangu Orpa nani ameliweka pale. Akasema liko pale tangu mwaka juzi.

Mashini siitoi. Njo iliyomsomesha binti yangu Pascaline. Tarehe 25 anaolewa, na nguo za harusi nitashona mimi baba yake, kwa mashini hiyo hiyo. Si Nsabimana.

Jumanne, 7 Mei

Mpango wa kwanza: sindano. Siku hizi kutunga uzi kunanichukua muda, na Nsabimana anahesabu mara ninazolamba ule uzi. Nimemsikia akihesabu kwa Kirundi.

Basi asubuhi nimempa Orpa sindano ishirini atunge zote. Nikamwambia sindano iliyotungwa na mke ina baraka. Hakuuliza kitu. Alizitunga huku anaimba, nikazichoma zote kwenye ukosi wa koti, nikaenda kazini kifua mbele.

Uzi mweupe! Zote ishirini! Na kazi ya leo ilikuwa kupinda suruali nyeusi ya shemasi. Nikajiambia uzi ni uzi. Saa sita Nsabimana akaiinua ile suruali juu, kila mtu aone, akasema kwa upole kwamba imeota mbavu. Nimefumua yote. Halafu nimejiegemeza ukutani nipumzike, nimesahau ukosi una sindano kumi na saba.

Orpa amenipaka mafuta ya mawese shingoni. Bado anaimba.

Alhamisi, 9 Mei

Ushindi! Ushindi mtupu! Nitaandika yote kwa utaratibu.

Nimefika dispansari wa kwanza kabisa. Lakini sikuingia. Kila aliyekuja nilimpisha mbele: mama, mzee, hata mafundi wenzangu. Watu wakasema mimi, Papa Pascaline, leo nimeokoka kweli. Waseme. Mimi nilikaa chini ya dirisha la chumba cha kupimia. Ndani kuna ubao wa herufi, na kila mtu anazitaja kwa sauti. Herufi kubwa juu, zinapungua kwenda chini. Mtu wa sita alipotoka nilikuwa nazo zote.

Na nimezishika kwa akili, si kwa kukariri kama kasuku. Nimezipa majina ya ukoo. Juu kabisa, peke yake, kubwa kuliko zote: E. Étienne! Inavyostahili. Chini yake F na P, yaani dada yangu Fidès na Pascaline. Kisha T, O, Z: Tabita, Orpa, Zakaria. Kisha L, P, E, D: shemeji Lwaboshi, mdogo wangu Patient, halafu Eugénie na mwanawe Divin, ambaye njo mchumba wa Pascaline. Ubao mzima ni watu wangu wamepanga foleni. Ningekosaje?

Nesi ni Mmalawi, Sista Nachisale, ana Kiswahili alichookota kwetu foleni. Akanisimamisha kwenye mstari, akaniambia nifunike jicho moja. Ukuta wa mbele ulikuwa na kitu cheupe. Kabla hajaonyesha kwa fimbo nikaanza: Étienne, namaanisha E, na nikateremka hadi mwisho bila kuvuta pumzi. Jicho la pili hivyo hivyo. Akashusha fimbo. Akasema hajaona mzee wa namna hii tangu aanze kazi.

Akauliza kama kuna mtu katika ukoo wetu aliyepofuka. Nikasema hakuna. Na hakuna. Marehemu mama yangu kule Fizi hakupofuka, alirogwa. Alianza kujigonga milangoni, mwishowe akawa anashikwa mkono hadi kanisani. Jirani alikuwa na kijicho na shamba letu la mihogo. Hilo si jambo la dispansari.

Nesi akaandika karatasi mbili. Ya kwanza: macho mazuri. Ya pili ni ya kwenda kliniki ya macho Lilongwe, wakaangalie ndani ya jicho kwa chombo. Anasema ubao haumalizi maneno, kuna magonjwa yanayokula jicho polepole bila maumivu, na kila aliyepita arobaini anapaswa kuangaliwa hata kama anasoma vizuri. Nikamshukuru: zikomo, Sista, zikomo kwambiri. Hiyo karatasi ya pili nimeikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa mashini yangu, ule unaocheza. Sasa mashini imetulia kabisa.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeibiwa.

Mama Véronique amesoma matokeo. Mafundi watano wameshindwa ubao. Kwa hiyo wamenyang'anywa mashini? Wapi! Wamepewa miwani! Bure! Nsabimana amepata miwani, na tena walipomwangalia ndani Jumatano huko Lilongwe (kumbe alijipeleka mwenyewe mapema, mnafiki) walimpa na chupa ya dawa ya kudondosha, kwa sababu jicho lake lina presha. Jicho lina presha! Mtu anaumwa na kila kitu.

Aliyepita ni mmoja tu, mimi. Zawadi yangu? Mama Véronique akasema, kwa furaha kabisa, kwamba Nsabimana ahamie dirishani kwenye mwanga, na mimi nihamie ukutani kwenye kona, kwa kuwa mwenye macho kama yangu anaweza kushona hata ndani ya mtungi. Mafundi wakapiga makofi. Tena kazi zote za vitambaa vyeusi na vya rangi nzito ziletwe kwangu.

Na cha kwanza kimefika leo leo. Kitenge cha sare ya harusi kwa upande wa mkwe: Mzee Cirhuza, mkewe Mama Eugénie, na ndugu zao sita. Nguo nane. Bluu nzito kama chini ya sufuria, na ndani yake kuna michoro midogo, midogo sana. Nimeiangalia karibu. Nimeiangalia mbali. Majani. Ni majani.

Kwenye kona nimemkuta tena Nsabimana kushoto kwangu. Amekataa dirisha. Anasema amezoea kelele zangu.

Jumanne, 14 Mei. Lilongwe.

Mpango wa pili. Sihitaji miwani, lakini kona ile inahitaji. Mwenye shida ni kona.

Nimeomba kibali ofisini kwa sababu ya kununua uzi wa harusi, nimepanda matola, yale magari ya mizigo yanayobeba watu, hadi mjini, na nimefika Old Town kabla ya saa nne. Soko la Tsoka lina kila kitu. Nimempata mtu mmoja amemwaga miwani juu ya plastiki, kama vile dagaa. Hakuniuliza umri. Hakuniuliza ukoo. Huyo njo daktari! Nikachagua yenye fremu ya dhahabu, kwa sababu ilinikaa kama mkurugenzi. Akanipa gazeti nijaribu. Nikasoma kichwa cha habari kwa sauti, kitu kuhusu mahindi. Akalichukua gazeti taratibu, akaligeuza juu chini, akanirudishia. Nikamwambia kwetu Uvira tunasoma kutoka pande zote.

Niliporudi kituoni na miwani yangu, mama mmoja alikuwa amepanga nyanya kwa mafungu upande wangu wa kushoto. Makusudi. Nimekanyaga mafungu matatu. Watu wa upande wa kushoto wana nini na mimi? Nimezinunua zile zilizopondeka na nimemletea Orpa kama zawadi kutoka mjini. Akaziangalia. Akaangalia viatu vyangu. Akapika.

Alhamisi, 16 Mei

Nimekata nguo nane kwa siku moja! Nani mwingine kambi hii?

Miwani ya Tsoka inafanya kazi ya ajabu. Kila kitu kinakuwa kikubwa na kinaogelea. Meza inapanda, mkasi unashuka, inabidi ukisie watakutana wapi. Lakini fundi hakati kwa macho. Fundi anakata kwa mikono. Mikono yangu ina miaka thelathini na mbili kazini.

Nilipokuwa nimefikia nguo ya tatu, Nsabimana akainama upande wangu akaniambia pole pole, "Papa Pascaline, angalia ndege." Nikainua kichwa, nikaangalia paa lote, kona kwa kona. Hakuna ndege! Nikamwambia kama hana kazi aende akadondoshee dawa yake. Akafungua mdomo tena, akaufunga, akaendelea kushona.

Anataka kunipotezea muda ili nisimalize. Namjua.

Jumapili, 19 Mei

Siku nzito. Mkono wangu bado una joto la pongezi.

Baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwa Mzee Cirhuza kujaribisha nguo. Wakwe wote nane wakaingia ndani, wakavaa, wakatoka wakajipanga nje kwenye jua. Orpa alikuwepo, Pascaline alikuwepo, na Nsabimana alikuwepo pia, sijui nani alimwalika. Mama Eugénie akajigeuza mara moja tuone mgongo. Akajigeuza tena. Watu wakasogea karibu.

Halafu dada yake akasema, "Mbona hizi njiwa zimekufa?"

Njiwa! Si majani, ni njiwa! Njiwa wadogo kama kucha, mamia na mamia, na kila mmoja miguu juu, kichwa chini, toka begani hadi kwenye pindo. Nguo nane. Nimekigeuza kitenge chote kichwa chini miguu juu. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza hakati kitenge hivyo. Pascaline akaweka mkono mdomoni. Nikaona ile mashini inaondoka, nikaona Mama Véronique anaibeba mwenyewe, na harusi ya binti yangu imekuwa kichekesho cha kambi nzima.

Mdomo wangu ukaanza kusema kabla sijaupa ruhusa. Nikasema hawajafa. Wanateremka. Njiwa anayeondoka huinua kichwa, njiwa anayerudi nyumbani hukishusha. Je, hamsikilizi redio? Si wakubwa wa Kongo wamekaa Sun City wameongea amani? Si wanasema vita vitaisha, tutarudi? Basi hawa wamefika. Hawa wanatua.

Hakuna aliyecheka. Mzee Cirhuza alikuwa ameinamia tumbo lake, anawaangalia njiwa mmoja mmoja. Akaniuliza, "Wanatua wapi?"

"Uvira," nikasema. "Kavimvira."

Nyumba yake aliiacha Kavimvira, na mlango aliuacha wazi, kila mtu anajua. Mzee akakaa kwenye kigoda na akajifuta uso kwa ile nguo mpya. Akasema mtu asiguse hata mshono mmoja. Watavaliwa hivyo hivyo.

Nimeshinda. Nsabimana mwenyewe alinipa mkono. Orpa njia nzima hakuimba. Na mimi ushindi huu haunishuki vizuri, umekwama hapa kifuani. Ni ugali wa jana labda, hapa wanauita nsima na ni mzito zaidi.

Jumatano, 22 Mei

Sitaki kuandika leo. Naandika.

Alasiri nilikuwa karakana namalizia gauni la Pascaline. Jeupe, satini, mikono mirefu. Kipande cha mwisho kilikuwa shela yake, nikaanza upande mmoja, nikageuza, nikashona upande wa pili. Nilikuwa na raha. Nilikuwa naimba hata.

Halafu nikasikia mtu anavuta makamasi. Pascaline. Alikuwa amesimama kushoto kwangu, karibu kiasi cha kunigusa, amevaa gauni lote, alikuwa amelichukua kulijaribu.

"Papa, uko unanikasirikia?"

Nikasema kwa nini nimkasirikie. Akasema, "Nimesimama hapa tangu ulipogeuza ile shela. Nilitaka ujionee mwenyewe. Haukugeuka."

Nikamwambia nilimwona, nilikuwa namwacha tu asimame. Akaniuliza, basi nimevaa nini kichwani? Alikuwa ameshapiga hatua nyuma, ameingia tena upande ule ule. Nikasema kilemba. Nikasema na tena kimekupendeza.

Hakuwa na kitu kichwani.

Gauni la mwanangu wa pekee, na mimi sikuliona. Niliulaumu mwanga, niliilaumu kona, nikamlaumu Mama Véronique aliyenihamisha. Orpa alikuwa mlangoni, alikuja na chai. Hakubishana. Alikuja akainua mguu wa mashini kwa mkono mmoja, akatoa ile karatasi ya Sista iliyokunjwa mara nne, akaikunjua gotini kwake. Kumbe alijua ilipo. Akasema kesho tunaenda wawili.

Nimekubali. Lakini ieleweke: naenda ili nilete karatasi ya kuwafunga midomo.

Alhamisi, 23 Mei. Lilongwe.

Nilijiandaa. Njia nzima ya matola nilirudia ukoo: Étienne, Fidès, Pascaline, Tabita. Orpa alidhani naomba.

Ubao wa kule ni mwingine. Wasaliti! Nimesimama pale, nimeita ukoo mzima, na yule kijana wa vipimo alinisikiliza hadi mwisho kwa heshima, kisha akaniuliza hao ni akina nani. Herufi zake sikuona hata moja, isipokuwa kwamba ya juu ni nyeusi.

Daktari akanikalisha mbele ya chombo, kidevu hapa, paji la uso pale. Hakuniuliza kitu. Hilo njo baya la chombo kile, hakiulizi. Akatazama jicho la kulia muda mrefu, la kushoto muda mrefu zaidi. Kisha akaniambia nimtazame puani, yeye atatikisa vidole pembeni, na mimi niseme kila nikiona. Nikafikiri haraka. Nikaamua kusema "naona" kila baada ya pumzi mbili.

"Naona," nikasema. "Naona. Naona."

"Mzee," akasema, "sijainua mkono bado."

Orpa akatafsiri, ingawa nilikuwa nimeelewa. Halafu daktari akauliza lile la Sista, kama kuna mtu katika ukoo aliyepofuka. Nikasema hakuna. Orpa akasema, "Mama yake." Nikamwambia Orpa kwamba mama alirogwa. Orpa akasema, taratibu, akiwa anatazama mikono yake, "Étienne, mama alikuwa anapiga teke mabeseni ya kushoto. Mi ndiye nilikuwa nayaondoa."

Daktari akaeleza. Presha ndani ya jicho inakula mshipa nyuma, inaanza pembeni, haiumi, na mtu hajui mpaka imefika katikati. Inatembea kwenye ukoo. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kinalindwa kwa dawa, tone moja asubuhi, tone moja jioni, maisha yote, na kuja kuangaliwa kila miezi sita. Ningengoja mwaka mwingine au miwili, akasema, ningeletwa hapa nimeshikwa mkono. Na Pascaline naye apimwe, sasa, angali kijana.

Hapo njo uchawi uliponiishia. Mimi, sawa. Lakini Pascaline hana jirani mwenye kijicho, hana shamba la mihogo, hana chochote cha kurogewa.

Wamenipa chupa ndogo. Miwani ya kusomea na kushonea nitaichukua Alhamisi ijayo. Ile ya Tsoka daktari aliijaribu, akacheka hadi akavua ya kwake. Nimerudi na macho yamepanuliwa kwa dawa, jua lote la Lilongwe ndani ya kichwa, nimeshika mkono wa Orpa. Kwa sababu ya jua tu.

Jumapili, 26 Mei

Pascaline ameolewa jana. Nimemtembeza kanisani mimi. Nilimweka mkono wa kulia, nikamwangalia toka mlangoni mpaka madhabahuni bila kupepesa, nimeona gauni, shela, mikono yote miwili. Kichwani alikuwa na ua moja jeupe. Nimemwambia: una ua. Akacheka, akalia, vyote pamoja.

Wakwe waliingia na njiwa wao wanateremka. Kanisa zima likasimama. Leo watu wanne wameniuliza kama nitawakatia kitenge cha namna ile, ndege wakirudi nyumbani. Nimewaambia ni ubunifu wa siri na lazima mtu awe na jicho.

Neno moja dogo. Dawa. Ukijidondoshea mwenyewe inaingia puani, inaingia sikioni, jichoni haiingii. Orpa kwa huruma anafumba macho yake mwenyewe kabla ya tone. Jioni nani amepiga hodi? Nsabimana, na chupa yake. Anasema hata yeye hajiwezi. Basi mmoja analala mkekani, mwingine anadondosha, halafu tunabadilishana. Alinidondoshea sawasawa, tone moja, katikati. Mimi nilimpata masharubu. Ni mwanzo.

Ijumaa, 31 Mei

Jana nilichukua miwani Lilongwe. Fremu ya kawaida, si ya dhahabu. Nimeiambia karakana kwamba nimepewa kwa ajili ya cheo.

Naandika haya kwa herufi ndogo, ona, na nazisoma. Leo nimetunga sindano kwa mara moja. Mara moja! Nikaitunga tena kwa raha tu. Halafu nikachukua ile suruali ya shemasi, imerudishwa kwa kuongezwa kiuno, niione kazi ya mikono yangu kwa macho mapya.

Pindo lile si langu. Mishono imelala upande, kama mvua ya upepo. Nikafungua rundo la nguo zilizorudishwa kurekebishwa. Koti la mwalimu nililoshona mwaka jana: mishono imelala. Suti ya Pasta ya mwaka juzi: mishono imelala! Miaka miwili, kila pindo, kila tundu la kifungo, mtu amefumua la kwangu baada ya mimi kwenda nyumbani, akalishona upya. Mtu wa mkono wa kushoto.

Tangu lini Nsabimana anaingilia kazi yangu bila kuuliza? Ujeuri gani huu? Niliwaka. Nilimngoja jioni nimwambie ukweli wake, maneno nimeyapanga. Akaja, akapiga hodi, akakunjua mkeka, akasema, "Lala, Papa Pascaline, saa imefika." Nikalala. Mtu huwezi kumgombeza aliyeshika chupa juu ya jicho lako. Nitamwambia kesho. Leo masharubu yake hayakulowa, nimempata jicho kabisa.

Sasa jambo kubwa. Kuangaliwa tena ni mwezi wa kumi na moja, na Pascaline atapimwa siku ile ile. Safari hii ukoo wa Mulenda hautaaibika. Jana kliniki, kijana wa vipimo alipokwenda kunitafutia miwani yangu, nilivaa ya mgonjwa mwingine iliyokuwa mezani, nikasimama pua kwa pua na ubao ule wa wasaliti. Nimenakili wote. Mistari saba! Nimempelekea Pascaline nakala nyumbani kwa mume wake, na nikamweleza umuhimu. Kanishukuru kwa magoti mawili, halafu kawashia nayo mkaa. Amesema ataenda kesho kutwa na Divin, bila kungoja mwezi wa kumi na moja, na atasema anachoona tu. Watoto wa siku hizi. Nakala nyingine iko hapa, ukurasa wa nyuma.

Nimeanza kuwapa majina. Mstari wa pili, C na R: Cirhuza na Rebeka. Wa tatu unakwenda vizuri, Orpa yumo. Shida ni juu. Juu kabisa, peke yake, kubwa kuliko zote, kuna N.

N! Yule wa kushoto, hata Lilongwe amenitangulia!

Nimefikiri jioni nzima. Nitamwita Nehemia.